Kipindi cha Pili Hakijafika Palma

Palma, 12 Januari 2025

Kaka yangu Aiuba,

Asalaam aleikum warahmatullahi. Kabla sijafungua neno jingine nakuuliza hali yako: unalala vipi, unakula vipi, na kile kikohozi ulichoondoka nacho mwezi wa nane, kimekuacha au bado mnakaa nyumba moja? Wifi yangu Sabina msalimie sana. Wazee wake waliowapokea huko Mtwara wasalimie mmoja mmoja, usiwakusanye kwa salamu moja kama ilivyo kawaida yako. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mwanangu Nadia kamaliza shule, sasa anawasomesha watoto wa chuoni juzuu amma. Jirani yetu Bi Hafsa mguu umemvimba tena, ila mdomo wake haujapata kuugua, na anakusalimu kwa huo huo mdomo. Mvua imekuja kwa adabu, inanyesha na kuondoka, muhogo umeshika.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako imekuwa bubu. Nikipiga inaita mpaka inachoka, halafu baadaye unaniletea maandishi: "Mimi mzima. Simu haitoi sauti." Kaka, ni wewe huyu? Wewe ambaye mtu akikupigia kuuliza bei ya pweza ulikuwa unaanzia kwa babu yetu? Nikasema basi, karatasi haina kitu cha kuharibika. Bi Samiha anavuka Ruvuma kila akiishiwa vitenge vya kuuza, huyo atakuwa mjumbe wetu.

Ukumbi wako wa mpira upo, usiwe na wasiwasi. Benchi zipo, pazia la dirishani lipo, watu wanakuja. Kilichopungua ni sauti. Ulipokuwepo ulikuwa unaifunga sauti ya televisheni, unasimama pembeni na kifimbo chako, unautangaza mpira kwa maneno yetu. Wanaume mbele wanatazama, sisi wanawake nyuma ya kiambaza cha makuti tunasuka ukili na kusikiliza. Sasa televisheni inajisemea yenyewe, Kireno cha mbio mbio, na sisi wa nyuma hatuambulii kitu. Bi Hafsa anasema ni kama kusikia ugomvi wa nyumba ya tatu: unajua kuna jambo, hujui nani kapigwa.

Nikuhadithie ajabu moja, wewe mpenda ajabu. Goli siku hizi halifiki mara moja. Yule kijana Gildo ameweka antena ya mtandao juu ya bati lake, anawauzia vijana megas, vifurushi vya mtandao, na kila mtu anatazama mpira kwenye simu yake. Lakini mpira wa simu unakuja nyuma ya mpira wa dishi. Kwa hiyo goli likifungwa, kelele ya kwanza inatoka ukumbini. Kimya kidogo. Kisha barazani kwa Gildo: "Golooo!" Kisha kwa mafundi wa pikipiki. Kisha linashuka kwa wenye mtandao hafifu, sokoni kwenye samaki, na mwisho kabisa ufukweni, kijana mmoja peke yake anaruka kwa goli ambalo mji mzima umekwisha kulisahau. Mimi hukaa uani nikalisikiliza linavyopita nyumba hadi nyumba, kama mgeni anayepiga hodi na kukosa wa kumkaribisha. Bi Hafsa anasema linakwenda kuoga.

Lakini kaka, halitangazwi. Linapita tu.

Bwana Anuar, yule muuza simenti, alikuja akasifu nguzo zako. Sijui mtu husifu nguzo kwa nini.

Njoo. Mvua zikikata, njoo. Wewe ukisimama pale na kifimbo chako wataziweka simu mifukoni. Hilo nalijua kama ninavyoijua kibla.

Mdogo wako,
Zainabo


Mtwara, 9 Februari 2025

Zainabo mdogo wangu,

Waaleikumu salaam. Barua yako imefika pamoja na papa mkavu, na Sabina kampika kwa nazi. Wazee nimewasalimu mmoja mmoja kama ulivyoamuru, nikamaliza na paka. Baba mkwe alinitazama kama mtu anayetafuta mkataba wa kunirudisha kwetu. Kikohozi kimekwisha. Alhamdulillah, kikohozi kimekwisha kabisa.

Hilo goli lako linalotembea limenikaa kichwani. Adhuhuri nikijinyoosha mkekani nalihisi liko njiani. Nimelipa umbo: mtu mrefu, viatu kavishika mkononi asiwaamshe waliolala, anapita kwa Gildo, anapita kwa mafundi, anateremka, na kila mlango anaweka kitu kidogo kizingitini. Unajua nilivyo. Nisipolala vizuri, naona vizuri.

Simu bado. Fundi wa hapa anasema kifaa chake kinatoka mbali.

Nikuulize mambo mawili. La kwanza: "watu wanakuja" ni neno gani? Watu hata msibani wanakuja. Ni wangapi, na wanakaa benchi lipi? La pili: mikunjo ya barua yako ilikuwa na vumbi la kijivu. Nilipuliza nikapiga chafya. Mnajenga nini? Nauliza tu.

Ukipata kijana wa kusimama pembeni ya televisheni badala yangu, mpe siri hii: asiufuate mpira. Mpira hauna nafsi. Amfuate anayeutaka. Wa nyuma ya kiambaza wakijua nani anautaka na kwa nini, wataona wenyewe ulipo.

Kuja, tutatazama. Mvua bado hazijakata.

Kaka yako,
Aiuba


Palma, 26 Februari 2025

Kaka Aiuba,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, hajambo Sabina, hajambo paka? Nadia mzima. Bi Hafsa mguu umeshuka. Ramadhani iko mlangoni, na kwa desturi yetu ya kuingia mwezi tukiwa safi nakuomba radhi kwa nisilolijua na ninalolijua. Hasa ninalolijua.

Nimeuona mpira. Kwa macho, kaka! Nadia alinunua megas, akanikalisha mkekani, akaniwekea kisikilizio kimoja sikioni mwangu na kingine mwake, tukaunganishwa na uzi kama mbuzi wawili wa sadaka. Miaka yote nimekaa nyuma ya kiambaza nikidhani mpira naujua. Mchezaji mmoja akaumia, akalala. Nikangoja. Nikamuuliza Nadia, "Ndege wako wapi?"

"Ndege gani, mama?"

"Wale korongo weupe wanaotua uwanjani mtu akiumia, wakamzunguka."

Mtoto alicheka mpaka uzi ukachomoka. Mbele kidogo ikaja penalti, nikauliza mbona kipa hakupiga magoti kusema bismillahi. "Mama, huyu Mjerumani." Na mama zao je? Wewe ulikuwa ukituambia winga akipokea mpira, kwao mama yake anautua mchi, anasimama, anaweka mkono kifuani. Nimetazama mpira mzima, kaka, sikuona mama hata mmoja! Ulitudanganya miaka yote, mzee wewe, tena mbele ya Mungu, tena kabla ya Magharibi.

Nilikwenda kwa Bi Hafsa nikamwambia korongo hawapo. Akasuka kidogo, akasema, "Simu yenu ndiyo haiwaonyeshi."

Na sikatai, simu ina mambo. Nimemwona binti yangu akitazama mpira bila kujificha nyuma ya makuti, na mimi pembeni yake. Hilo ni jema. Halafu akagusa kioo, goli likarudi nyuma. Mpira ukatoka wavuni, ukapita hewani kinyumenyume, ukatulia mguuni mwa mtu kana kwamba hakuna lililotokea. Nikamwambia, rudia. Akarudia. Nikawaza ule mwaka tuliokimbia mashambulizi, watu wakirudi kinyumenyume barabarani, mizigo ikishuka vichwani, milango ikifunguka, marehemu mume wangu akikaa tena mahali pake kwenye mkeka. Nikasema astaghfirullah, nikamrudishia simu yake.

Lakini tulipomaliza, Nadia alikuwa peke yake na mimi peke yangu. Nje vijana wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na masikio yake, na kila mmoja anacheka wakati wake. Muadhini akaadhini, hakuna aliyesikia. Wewe adhana ikianza ulikuwa unafunika televisheni kwa kitambaa, hata penalti ikingoja inangoja.

Sasa nisikilize. Jana wakati wa Alasiri nilipiga simu, ukapokea. Usibishe. Nilimsikia muadhini wenu kwa mbali na nikasikia pumzi. Nikakuita kwa jina lako. Pumzi ilikuja kama mtu anayepuliza kuni mbichi, halafu ikakatika. Nimemuuliza Bi Samiha, akasema, "Mwulize mwenyewe, mimi nauza vitenge." Basi nakuuliza mwenyewe.

Vumbi ni la Bwana Anuar. Aliomba kuweka mifuko michache pembeni ya ukumbi isilowe. Na nguzo alisifu kwa sababu anataka pote pawe ghala lake. Nimemwambia ukumbi si wangu, ni wa kaka yangu, na kaka yangu anakuja. Anataka jibu Idi ikipita. Nimwambie nini?

Nijibu kabla hajanirudia.

Zainabo


Mtwara, 8 Aprili 2025

Zainabo,

Waaleikumu salaam, na Idi njema kwako na kwa Nadia na kwa Bi Hafsa mtetezi wangu. Sabina hajambo. Alinishonea kanzu mpya, ndefu kuliko mimi. Mlango wa pili hapa wamezaa mapacha.

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Nikifuturu naiweka kando ya sahani, Sabina ananitazama, naigeuza chini juu. Umeniomba radhi nami nakuomba. Langu ni hili.

Kikohozi kilikwisha, hilo kweli. Kilikwisha pamoja na kilichokuwa kimejificha nyuma yake. Palikuwa na uvimbe kooni. Mwezi wa kumi na moja walinipasua, na madaktari walifanya kazi nzuri, Mungu awalipe, maana niko hai na naswali kwa miguu yangu. Lakini sauti haikubaki. Kilichobaki ni upepo wenye maneno ndani yake. Sabina anausikia akileta sikio karibu. Wewe ng'ambo ya mto usingeusikia, na hukuusikia.

Asubuhi ya Idi wanaume wote wanaleta takbira, msikiti unatetemeka, na mimi katikati midomo inakwenda mitupu. Nikajiambia, anayesikia mwendo wa sisimizi mweusi juu ya jiwe jeusi atanisikia na mimi. Nikatulia. Ila Mola ni mmoja, na benchi za ukumbini zilitaka sauti.

Utauliza kwa nini nilificha. Uliniandikia kuwa nikisimama pale wataziweka simu mifukoni, unalijua hilo kama unavyoijua kibla. Nikaogopa kuwa mtu wa kukugeuzia kibla.

Mpe Anuar ukumbi. Pasipo mtangazaji ni mbao na makuti. Usinililie.

Kuhusu korongo, niombee msamaha. Ilikuwa mara moja tu. Mchezaji ameanguka, picha haisogei, wanaume wanatafuna karanga, na nyuma ya kiambaza mmenyamaza, ukili umesimama mikononi. Nilisikia mnavyongoja. Sikuwa na kitu cha kuwapa, nikawapa ndege. Wiki ya pili yake mtu akaanguka tena, Bi Hafsa akauliza kupitia makuti, "Leo hawaji?" Ningefanya nini, Zainabo? Nikawaita.

Aiuba


Palma, 27 Aprili 2025

Kaka yangu,

Asalaam aleikum. Leo salamu ni fupi, sote wazima. Umenikataza nisilie, nimelia, nimemaliza, nimenawa uso nikapaka unga wangu wa msiro, nakuandikia na uso mweupe kama bibi harusi. Koo lililopona ni neema. Ungenificha maiti, hapo ningekukasirikia.

Sasa langu, lile ninalolijua. Ukumbi ulikufa ulipoondoka. Walikuja Ijumaa moja, wakaja ya pili, wakasikiliza Kireno, wakasema kama ni hivi hata kwenye simu kipo, wakatoka. Ile kelele ya kwanza niliyokuandikia, inayotangulia mji mzima, ni ya mzee Twalha peke yake, asiye na simu, naye hushangilia hata kona. Na mifuko ya Anuar haikuwa michache. Ilikuwa imefika benchi la tatu siku ile naandika barua ya kwanza, nayo niliiandikia juu yake. Nilificha kwa sababu nilidhani ukijua pametupu hutakuja. Wewe umenificha usiniudhi, mimi nimekuficha usikate tamaa, na Bi Samiha katikati kabeba unafiki wetu wote wawili ndani ya vitenge.

Nimempa Anuar upande wa wanaume. Kiambaza nimemkatalia, na baraza ya nyuma nimemkatalia. Alisema, "Mama Nadia, ukuta wa makuti una faida gani kwako?" Nikamwambia tunauegemea.

Kisha nikawakusanya wenzangu wa ukili, nikawaeleza habari ya koo lako. Bi Hafsa akauliza, "Na mkono, wamempasua?"

Nikasema, mkono mzima.

"Basi atangaze kwa mkono."

Nikamwambia, bibi wee, barua inakaa njiani wiki na wiki, inangoja Bi Samiha auze, inangoja maji ya mto, mpira utakuwa umekwisha kuoza. Akanitazama kama mtoto. "Goli la ufukweni nalo linachelewa. Yule kijana huacha kuruka?"

Sina la kuongeza. Huo ndio ujumbe wa nyuma ya kiambaza. Hatutaki ule wa televisheni, huo Nadia ananionyesha. Tunataka wa kwako.

Usikae na barua hii mwezi mzima.

Zainabo


Mtwara, 15 Juni 2025

Kwa Zainabo, Bi Hafsa na wote waliokaa nyuma,

Asalaam aleikum. Hapa wazima. Mapacha wa mlango wa pili wameanza kucheka. Sabina ananiuliza naandika nini siku mbili mfululizo, namwonyesha, anacheka, ananiletea chai.

Nitasema kweli: mara ya kwanza niliichana barua yako. Nilimkasirikia Bi Hafsa. Nilisema, hawa wanamtaka kipofu awashonee. Kisha jioni moja miguu ikanipeleka kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya maghala ya korosho. Sikuwa nimetazama mpira tangu koo lipasuliwe. Nikasimama kwenye mstari, nimenyamaza, na kichwani nikasikia mtu anatangaza. Sauti yangu, Zainabo. Ile ile. Haikwenda mahali, imerudi ndani tu.

Basi shikeni ukili wenu.

Jioni, kabla ya Magharibi, bado kuna muda. Mchanga umemwagiwa maji usiruke. Upande huu wapagazi wa korosho, mabega kama milango. Upande ule wachuuzi wa samaki, wembamba, miguu yao inanuka bahari na inateleza kama bahari. Hakuna kamera. Hakuna simu iliyoinuliwa, maana jua liko machoni. Mchezo huu hamtaupata popote. Uko hapa, na kwenye karatasi hii.

Golini kwa wapagazi amesimama Fauzi. Kipa pekupeku. Kwa nini pekupeku? Viatu anavyo, vimening'inia mwambani, vipya, anaviogopea mchanga. Mnamwona? Anataka jambo moja tu, mpira usimfikie, apate kuvitazama viatu vyake.

Winga wa wachuuzi anaitwa Mwinyimadi. Mdogo, jezi inamfika magotini. Nyuma ya goli kuna mwanamke anauza vitumbua, na huyo, naapa kwa Mola aliyenipokonya sauti na kuniachia mkono, huyo ni mama yake wa kumzaa. Safari hii mama yupo. Nimenunua kitumbua kwake nihakikishe.

Wapagazi wanaanza. Wanapiga mbele kama wanapakia gunia: huyu anamtupia yule, yule anamtupia huyu. Mrefu wao anautaka mpira kwa kichwa, anautaka kwa sababu asubuhi msimamizi wake amemwita kiwete, na msimamizi yuko pale, amekunja mikono. Anaruka. Mpira unapita juu ya nywele zake. Msimamizi anatikisa kichwa. Haya, tumwache, ana kipindi kingine.

Kunguru wametua katikati. Ni kunguru, Bi Hafsa, siwezi kukudanganya tena, weusi na kelele. Lakini mchezaji alikuwa ameumia, na wametua.

Wachuuzi wanachukua. Pasi fupi. Fupi tena. Mmoja anajifanya amechoka, ameshika kiuno, ndiyo hila ya soko hiyo, anamwachia mnunuzi adhani bei imeshuka. Mpagazi analegea. Hapo hapo mpira unatoka chini ya mguu wake, unavuka, unamkuta nani? Mwinyimadi. Peke yake. Pembeni. Kule nyuma kijiko cha vitumbua kimesimama hewani, mafuta yanachuruzika, mama hapumui. Mtoto anaingia ndani. Anaingia. Fauzi anatazama viatu, anatazama mpira, anatazama viatu. Mwinyimadi hapigi. Hapigi! Anangoja. Anamngoja Fauzi atazame viatu mara moja zaidi, na Fauzi, maskini, anatazama, na mpira unapita taratibu, hauna haraka, kama mtu anayeingia kwao.

Goli.

Kitumbua kimeungua. Hakuna anayedai chenji.

Wachuuzi moja, wapagazi hawana kitu. Filimbi ya mapumziko. Fauzi amekwenda mwambani. Anavishusha viatu. Ameketi mchangani, anavitazama, kimoja huku, kimoja huku. Atavivaa?

Bi Samiha yuko mlangoni, anasema gari halingoji mtu, na karatasi nayo imefika ukingoni.

Aiuba


Palma, 6 Julai 2025

Kaka yangu Aiuba, mtangazaji wetu,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Hali yako? Koo halikuumi sasa baridi imeingia? Sabina tunamshukuru kwa chai ile, kila kikombe tumekiona kwenye maandishi. Sisi wazima. Nadia ameposwa, tutaandika habari hiyo kwa utulivu wake, leo siyo siku yake.

Barua niliipokea asubuhi na sikuifungua. Nilingoja jioni, nikafagia baraza ya nyuma, nikatandika mikeka. Walikuja wote, nyuso na msiro, ukili mikononi. Mimi si msomaji wa mbele za watu, unajua darasa nililoishia, nikamwambia Nadia asome. Akasema, "Hapana mama, mjomba kaandika kwa sauti yako." Basi nikasoma. Nilianza chini chini kwa aibu. Nilipofika "shikeni ukili wenu" niliona mikono yote imesimama, na nikajua ulivyokuwa ukijua kwamba tunangoja.

Kunguru walipotua, Bi Hafsa akafumba macho, akasema, "Si niliwaambia?" Nani wa kumweleza tofauti?

Na goli, kaka. Sijui limetembea siku ngapi kutoka mchanga wa Mtwara mpaka hapa. Limevuka mto ndani ya kitenge. Nilipolisema, baraza nzima iliinuka. Vigelegele! Bi Hafsa alisimama kwa ule mguu. Mwanamke mmoja alikuwa analia, nikamuuliza nini, akasema, "Kitumbua."

Halafu kimya kidogo. Halafu nikasikia miguu. Vijana wa barazani kwa Gildo wamechomoa vitu masikioni, wamekuja mbio. "Goli gani hilo? Leo nani anacheza?" Gildo akatafuta kwenye simu yake. Akatafuta, akapanda akaigeuza antena, akatafuta tena. "Mama Nadia, mchezo huo haumo."

"Ndiyo," nikamwambia, "haumo."

Hawakuondoka. Baraza yetu ni ya wanawake, kuingia hawakuthubutu. Wakakaa chini kwa upande wa pili wa kiambaza, migongo kwenye makuti, na mzee Twalha akaja na kigoda chake. Wakaniomba nianze upya. Kaka, nikaanza upya, na safari hii wanaume ndio waliokuwa nyuma ya kiambaza, hawaoni kitu, wanasikiliza. Goli lilipofika tena, pande zote mbili tulilia sauti moja kwa wakati mmoja. Sikumbuki lini mji huu ulipiga kelele moja kwa wakati mmoja kwa jambo jema. Adhana ikaja papo hapo, nikaifunika barua kwa kitambaa, kama ulivyokuwa ukifanya.

Sasa hapa hakukaliki. Mafundi wa pikipiki wanabishana Fauzi atavivaa viatu au hatavivaa. Bwana Anuar kasimama na mfuko begani kuniuliza yule mrefu alimwonyesha msimamizi au vipi. Bi Samiha alikuwepo Mtwara siku ile na anajua nani kashinda, nasi tumemwapisha asiseme. Anapita sokoni ameziba mdomo kwa kanga, vijana wanamfuata.

Sikuambii njoo. Ukija, baraza ipo na mahali pako papo, utakaa karibu yangu, upepo wako utauweka sikioni mwangu nami nitausema kwa nguvu. Usipokuja, njia ya mto tunaijua.

Lakini kipindi cha pili hatunacho. Tafadhali kaka, jibu upesi.

Mdogo wako,
Zainabo